Chungwa la saa tisa usiku

Kwenye kidole gumba changu cha kushoto kuna kovu dogo la kisu. Nililipata mwanzoni mwa Mei 2017, saa tisa usiku, nikimenya chungwa gizani. Sikusikia kukatwa. Asubuhi ndipo tulipoona shuka lina damu, chandarua kina damu, na chungwa lenyewe limeviringika chini ya kitanda, limemenywa robo tu, halikuliwa hata kipande.

Sisi tunaishi Muheza, mkoani Tanga, kwenye machungwa mengi, na mtu wa Muheza akikwambia amekosa chungwa mwezi wa tano mtazame vizuri. Nilikuwa na kapu zima. Akili bado ilikuwa inajua: sukari imeshuka, tafuta kitu kitamu. Mikono ndiyo ilikataa. Kisu kilikwenda kilikotaka chenyewe, na kila nikifika katikati ya chungwa nilisahau nilikuwa nafanya nini, nikaanza upya. Mwisho nilikaa sakafuni nikalia. Binti yangu, wakati huo ana miaka minane, aliamka akanikuta naongea na kapu.

Mume wangu ni dereva wa malori, usiku ule alikuwa njiani. Mtoto akatoka mbio kumwita jirani yetu, mama mtu mzima. Yule mama hakuuliza swali. Alikoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akanishika kidevu: “Kunywa, mwanangu. Kunywa kwanza, utanitukana baadaye.” Naambiwa nilimtukana hapohapo, kabla ya kunywa na katikati ya kunywa. Mimi sikumbuki.

Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu 2011. Insulini najichoma asubuhi na jioni, na mpaka usiku ule nilijiona hodari. Kushuka kwa mchana nilikuzoea. Chaki inaanza kucheza mkononi, midomo inakufa ganzi, watoto wa darasa la nne wanageuka kuwa na kelele kuliko kawaida, nakula pipi mbili tatu, somo linaendelea. Nikadhani kushuka kwa usiku ni kulekule, tofauti ni giza. Kumbe mchana mwili unapiga kelele na wewe uko macho kuzisikia. Usingizini kelele zile hufifia. Moyo haudundi vile, mtetemo hauji vile, na mtu anaweza kushuka na kukaa chini saa nzima au zaidi bila kugeuka hata ubavu.

Kosa langu mimi, ukilifuata vizuri, lilianza asubuhi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa naamka sukari ikiwa 13, siku nyingine 14 (ni milimoli kwa lita ya damu, kama mashine yangu inavyosoma). Nikapiga hesabu ya kivivu: asubuhi iko juu, basi dozi ya jioni haitoshi. Nikaipandisha mwenyewe, kutoka uniti 12 mpaka 14, kisha 16, bila kumwambia mtu. Asubuhi zikazidi kupanda. Nilikuwa nakaribia kwenda 18 kovu hili liliponikuta.

Nilipopeleka daftari langu kliniki, Sista alilipitia ukurasa kwa ukurasa, hakunifokea. Aliuliza jambo moja tu. “Mwalimu, saa tisa usiku umewahi kupima?”

Sijawahi.

“Basi ulikuwa unajichoma kwa kukisia.”

Stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea damu ya kupima, ni pesa, na yeye alijua. Hakuniambia nipime kila usiku. Alisema nichague siku tatu zisizofanana: moja niliyoshinda shuleni tu, moja niliyotoka shamba, na moja niliyokula chakula kidogo jioni. Niweke kengele ya simu, niamke, nipime, niandike, nilale. Ya kwanza ikasoma 5.9. Ya siku ya shamba, 3.1. Ya tatu ikasoma 2.6, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu kuliko hata usiku wa chungwa, kwa sababu niliamka kwa kengele, nikawasha taa, nikachoma kidole, nikaweka damu kwenye stripu, na katika yote hayo sikuhisi lolote. Kliniki hutufundisha kwamba chini ya 3.9 sukari imeshuka, na chini ya 3.0 ni jambo la kushughulikiwa papo hapo. Mimi niko 2.6 naona niko sawa. Daktari alinieleza baadaye kwamba ukishukashuka mara kwa mara mwili unazoea, unaacha kutoa onyo mapema, na dawa yake ni kukaa wiki kadhaa bila kushuka kabisa ili onyo lirudi. Langu lilirudi, si lote.

Sasa zile 14 za asubuhi zilitoka wapi? Kliniki utawasikia wagonjwa wakisema sukari ikishuka sana usiku mwili huirusha juu kwa hasira. Wazo hilo ni la zamani, la mtaalamu aliyeitwa Michael Somogyi, miaka ya 1930. Daktari wangu alinitahadharisha nisiliegemee sana, kwa kuwa asubuhi nyingi zilizo juu zinatokana na insulini ya jioni kuishiwa nguvu, au na homoni za alfajiri zinazouandaa mwili kuamka. Kwangu mimi palikuwa na sababu nyingine, na nimechelewa kuikiri kwa aibu. Nilikuwa nakula. Naamka katikati ya usiku na njaa isiyo ya kawaida, natembea mpaka jikoni nusu niko usingizini, nakula kiporo cha ugali, mkate, soda, chochote, mpaka tumbo lijae. Kesho yake nakumbuka kama ndoto. Mwezi wa nne wote nilikuwa namgombeza binti yangu kwamba anamaliza mkate. Alikuwa anakana, nami namwona mwongo. Nilimwomba radhi, na mpaka leo akitaka kitu hunikumbusha ule mkate.

Insulini niliyokuwa natumia ni ile ya mchanganyiko, 30 kwa 70, yenye rangi ya maziwamaziwa. Thelathini ni ya haraka, ya kushughulikia chakula. Sabini ni ya taratibu, na hiyo ya taratibu haifanyi kazi kwa usawa. Ina kilele, kati ya saa nne na saa kumi hivi baada ya kujichoma. Ukijichoma saa moja jioni, kilele kinaangukia kuanzia saa tano usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, wakati chakula cha jioni kimeshakwisha tumboni na wewe umelala fofofo. Hakuna aliyenificha habari hii. Imeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Mimi ndiye niliyekuwa natupa karatasi. (Nilipoanza kuisoma nikafuatilia na mengine. Mwaka 1936 Hans Christian Hagedorn na wenzake huko Denmark waligundua kwamba insulini ikiunganishwa na protamini, ambayo ni protini ya kwenye manii ya samaki, hufyonzwa polepole. Mimi ni mtu wa Tanga, nikafurahi kusikia samaki wamo.)

Na kwa kuwa ni ya maziwamaziwa, ina tabia ya kutulia chini ya kichupa. Usipoichanganya, leo unavuta nyepesi, kesho nzito, na uniti kwenye bomba zinaonekana zilezile. Inaviringishwa taratibu kati ya viganja viwili mpaka iwe rangi moja. Mimi nilikuwa naitikisa kidogo tu, mkono mmoja, huku nakoroga mchuzi kwa mwingine.

Nikirudi kwenye siku ya chungwa na kuipanga saa kwa saa, naona usiku ule ulikwisha kuamuliwa kabla ya magharibi. Nilitoka shule saa tisa alasiri nikaenda shamba, palizi ya mahindi, jembe mpaka giza linaingia. Misuli iliyofanya kazi vile haiachi kuvuta sukari ukiweka jembe chini. Inaendelea usiku kucha, wakati mwingine mpaka kesho yake. Nikarudi nikaoga maji ya moto, na joto linaifanya insulini iingie upesi. Nikajichoma pajani, paja lilelile lililochoka. Tena paja lilikuwa jipya kwangu, kwa sababu miezi yote nilikuwa najichoma pembeni ya kitovu, mahali pamoja, mpaka pakaota kinundu. Pale kwenye kinundu hapaumi, ndiyo maana tunapapenda, lakini dawa haipiti vizuri. Uniti 16 zilizokuwa zinapita nusunusu kwenye kinundu zikaingia zote pajani. Kisha, kwa uchovu, nikala kidogo nikalala. Ukiniambia ni bahati mbaya nitakukatalia.

Daktari alinishusha dozi ya jioni kwanza, halafu baada ya miezi akaitenganisha: ya haraka najichoma na chakula, ya taratibu najichoma saa nne usiku napokwenda kulala, ili kilele chake kisogee karibu na alfajiri, wakati mwili wenyewe unapandisha sukari. Uniti zangu zisiwe zako. Kinachoweza kuwa chako ni lile daftari lenye vipimo vya saa tisa usiku, maana daktari akiliona ana cha kufanyia kazi.

Siku hizi napima kabla ya kulala. Kiwango nilichopangiwa mimi ni 7. Nikiwa chini yake silali hivihivi, nakula kipande cha muhogo wa kuchemsha au mkate na kikombe cha maziwa. Siku ya jembe napunguza uniti kama nilivyoelekezwa, na kengele ya saa tisa inawekwa hata kama nimechoka vipi. Hasa kama nimechoka.

Lakini jambo nililoliwazia kuliko yote ni dogo sana, nalo ni chupa. Usiku wa chungwa ulinifundisha kwamba chochote kinachohitaji kisu, kiberiti au kunyanyuka kitandani hakifai. Soda nzuri, lakini soda ya chupa ya kioo inataka kifunguo, na saa tisa usiku kifunguo hakijulikani kiliko. Nina kichupa cha plastiki chenye mdomo mpana. Ndani nimetia glukosi ya unga, ile ya boksi inayouzwa dukani, gramu 15 zilizopimwa mchana kwa utulivu. Kando yake chupa ya maji, kifuniko kimelegezwa. Vyote viko ndani ya chandarua, kichwani, kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa kwenye mguu wa kitanda ili nikipapasa nisivisukume. Asiye na glukosi, sukari ya chai vijiko vitatu au vinne kwenye maji inafanya kazi ileile, au nusu ya soda ya kawaida ya mililita 300. Isiwe ile isiyo na sukari. Nimewahi kumwona mtu kwenye kikao cha harusi akinyweshwa hiyo chupa nzima, watu wanashangaa kwa nini hazinduki.

Baada ya kunywa unasubiri dakika 15, unapima tena, na ikiwa bado iko chini unarudia. Dakika 15 hizo ni ndefu. Mwili unakwambia kula, kula, kula, nawe unatakiwa ukae na kiu yako ya sukari ukitazama saa. Hapo ndipo mkate wangu wote ulikuwa unakwenda. Ikishapanda ndipo unakula kitu cha kukaa tumboni. Karanga kwa wakati huo zinafaa, lakini kama tiba ya kwanza hazifai, mafuta yake yanachelewesha, na chokoleti ni vilevile.

Binti yangu nilimfundisha shingo. Huku kwetu joto ni joto, umeme ukikatika na feni ikasimama kila mtu analowa, kwa hiyo kumwambia mtoto “ukiniona natoka jasho” ni kumwambia aniamshe kila siku. Tuligundua wenyewe. Jasho la sukari linaanzia kisogoni, ni la baridi, na gauni linalowa mpaka kukamulika, huku yeye aliyelala kando yangu chandarua kimoja ni mkavu. Basi akiamka kwenda haja, akirudi anaweka kiganja kwenye shingo yangu, kisha kwenye yake. Zikitofautiana ananitikisa. Nikijibu vizuri, namwambia “lala”. Nikijibu upuuzi, au nikakasirika, ananipa kichupa. Hasira ni dalili. Mimi kwa kawaida si mtu wa matusi. Ndoto nazo zina lake. Naota nasahihisha mitihani isiyoisha, rundo linakua. Na asubuhi, hata kama usiku umepita salama, mto ukiwa mbichi na kichwa kinagonga na nimeamka hoi kama niliyebeba matofali, naandika kwenye daftari alama ya kuuliza na usiku unaofuata napima.

Kuna kitu kimoja nilimrudia mpaka akachoka. Siku akinitikisa nisijibu kabisa, au nishindwe kumeza, asinimiminie kitu mdomoni. Maji yataingia mapafuni. Anilaze ubavu, amwite jirani, bodaboda au bajaji, hospitali, na aseme mlangoni neno “kisukari, anachoma insulini” kabla ya kusema jina langu. Huko watampitishia glukosi mshipani. Ipo na sindano ya glukagoni, homoni ya kupandisha sukari, ambayo mtu wa nyumbani anaweza kumchoma mgonjwa, lakini mimi sijawahi kuishika mkononi hapa kwetu, na sitakudanganya kwamba ipo rafuni.

Nisiseme sana habari ya sindano hadi wa vidonge wakadhani hayawahusu. Jirani yetu mwingine, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa anatumia glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, na figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka. Usiku akawa anapiga kelele, anawaita watu waliokwisha kufa. Wanawe wakaleta mtu wa kumsomea. Siwacheki, mimi nilikutwa naongea na kapu la machungwa. Usiku mmoja nilikwenda na mashine yangu nikaomba nimpime kabla kisomo hakijaanza. 2.2. Alipewa sukari akazinduka, akaomba chai, watu wakafurahi, wakataka kwenda kulala. Nikawasihi wampeleke hospitali usiku uleule, kwa sababu kidonge hicho kinakaa mwilini muda mrefu, na kwa mtu mwenye figo dhaifu kinakaa zaidi. Sukari inapanda, kisha inashuka tena watu wakiwa wameshazima taa. Walimlaza siku mbili na wakambadilishia dawa. Hajapiga kelele tena, ila analalamika kwamba zile ndoto za marehemu zilikuwa zinamliwaza.

Mwaka 2021 shangazi yangu aliyeko Muscat aliniletea vile vifaa vya kubandika mkononi vinavyopima sukari muda wote na kuichora kama mstari, viwili, kila kimoja cha siku 14. Kwa mwezi mmoja usio kamili niliuona usiku wangu kama mtu anayetazama barabara kutoka juu ya mlima. Nilikuwa najua sukari hushuka. Sikuwa najua inakaa chini kwa muda gani. Usiku mmoja mstari ulizama saa saba na haukuinuka mpaka karibu saa kumi. Usiku mwingine kililia nikaruka, nikachoma kidole, kidole kikasema 6.1. Nilikuwa nimelalia mkono wenye kifaa, na ukikilalia kinabanwa, kinasoma chini isivyo kweli. Nikajifunza kulala ubavu wa pili na kuthibitisha kwa kidole kabla ya kunywa chochote. Vilipokwisha nilivua cha pili kwa huzuni. Bei ya kuvinunua kila mwezi si ya mshahara wangu. Nikarudi kwenye kengele ya simu na shingo.

Januari 2022 yule wa shingo alikwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Tukiwa tunafunga sanduku aliniuliza nani atakuwa anakagua. Nilimwonyesha mdogo wake wa kiume, miaka saba, analala kama gogo. Alimkalisha kitandani, akamfundisha mwenyewe: kisogo, kiganja, linganisha, tikisa, kichupa. Akamfanyia mtihani mara tatu.

Usiku wa kwanza dada yake hayupo, kijana aliniamsha mara nne. Kila mara anaweka kiganja, ananitikisa, “Mama, umekufa?” Namwambia sijafa, lala. Mara ya nne nikakata tamaa ya usingizi, nikawasha taa, nikapima mbele yake ili aone namba kwa macho yake. 6.4. Akaisoma kwa sauti, akauliza kama hiyo ni kubwa au ndogo, na kabla sijamjibu alikuwa ameshalala.